Kupanda Mlima Meru kwa Mara ya Kwanza: Siku 4 Kutoka Momella Hadi Kileleni

Kila ikikaribia Juni maswali huanza kumiminika, na karibu yote ni yaleyale. Naweza kwenda peke yangu? Siku 3 hazitoshi? Nyati wapo kweli njiani? Nikiishiwa nguvu katikati inakuwaje? Haya hapa majibu yote mahali pamoja, kuanzia siku unapopata wazo la kupanda mpaka siku unaporudi geti la Momella, pale safari inapoanzia, una vumbi hadi masikioni.

Kwanza, ondoa kichwani wazo kwamba Meru ni Kilimanjaro ndogo. Watu huona mita 4,562, wakalinganisha na 5,895 za jirani yake, wakaamua kuwa huu ni mlima wa mazoezi. Usiku wa kwenda kileleni, njia ya Meru hupita juu ya ukingo wa kreta: upande mmoja ni mteremko wa jivu na mawe yanayoteleza, upande wa pili ni shimo la zaidi ya mita 1,000. Mtu aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hajapita mahali pa namna hiyo. Tena Meru inakupandisha haraka: unaondoka kwenye mita 1,500 hivi, na usiku wa pili tayari umelala juu ya mita 3,500. Ndiyo maana karibu kila ninachokueleza hapa kinarudi kwenye mambo mawili: usibane siku, na usimalize nguvu zote kwa kupanda.

Kabla hujalipa hata shilingi

Kuna watu ambao ni lazima wamwone daktari kwanza. Wenye selimundu wasipande kabisa. Hewa yenye oksijeni kidogo ndiyo hasa inayoweza kuwaletea shambulio la maumivu au jambo baya zaidi. Hata mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu na ambaye hajawahi kuumwa anaweza kupata tatizo la bandama kwenye mwinuko mkubwa. Katika nchi zetu watu wengi wanabeba kinasaba hicho bila kujua, kwa hiyo kama hujawahi kupima, pima. Wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo, na wenye shinikizo la damu lisilotulia nao waanzie kwa daktari. Pumu iliyodhibitiwa si kizuizi, ila dawa ya kuvuta iwe mfukoni mwako mwenyewe, isiwe kwenye begi analobeba mpagazi.

Vitu vya kuwa navyo

Si lazima ununue vyote vipya. Arusha na Moshi kuna maduka ya kukodisha vifaa vya mlima, na soko la mitumba la Memorial pale Moshi lina makoti mazuri kwa anayejua kuchagua. Viatu tu ndivyo usikodi.

- Buti za mlima zinazoshika kifundo, ulizokwisha kuzivaa wiki kadhaa. Ziwe kubwa kidogo: ukisukuma vidole mbele, kidole cha mkono kiingie nyuma ya kisigino.
- Nguo za tabaka tatu: ya ndani inayokauka haraka, ya kati ya joto, ya nje ya kuzuia upepo na mvua. Jinzi na fulana za pamba acha nyumbani. Pamba ikilowa jasho inabaki na ubaridi mpaka asubuhi.
- Glavu nzito na nyingine nyepesi za kuvaa ndani yake, kofia ya sufu, na kitambaa cha kufunika pua, maana jivu la huko juu ni laini na linaingia kila mahali.
- Begi la kulalia la baridi kali. Vibanda vya kulala mlimani vina vitanda na magodoro, lakini hakuna mablanketi ya kutegemea.
- Tochi ya kichwani na betri za akiba. Tochi ya simu haifai. Pale juu unahitaji mikono yote miwili.
- Fimbo mbili za kutembelea. Wanaozidharau wakati wa kupanda ndio wanaoziomba wakati wa kushuka.
- Chupa za maji za kutosha lita 3, na dawa ya kutibu maji.
- Miwani ya jua, mafuta ya kukinga jua na ya midomo. Ngozi nyeusi nayo inaungua kule.
- Taulo za kike, hata kama siku zako bado. Baridi na uchovu vinaweza kuvuruga mpangilio wa mwili.
- Vitafunwa unavyovipenda kweli: kashata, karanga, tende, biskuti. Kwenye mita 4,000 hamu ya kula huondoka, na kitu usichokipenda hutakimeza.
- Kitambulisho cha taifa au pasipoti. Raia wa Afrika Mashariki hulipa viwango vyao vya shilingi, vya chini kuliko vya wageni, lakini lazima uthibitishe uraia wako.

Hatua ya 1: Chagua msimu, kisha chagua mwezi wa angani

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, kisha mwishoni mwa Desemba hadi Februari. Masika, Machi hadi Mei, njia ya msituni inakuwa tope na mawe ya juu yanateleza. Vuli ya Novemba inapitika, ila jiandae kulowa. Juni hadi Agosti ndiko kwenye baridi kali zaidi, na alfajiri unaweza kukuta barafu nyembamba juu ya miamba.

Ukishapata mwezi, fungua kalenda uangalie mbalamwezi. Kupita kwenye ukingo wa kreta kukiwa na mwanga wa mwezi ni raha, na ni salama zaidi kuliko kwenye giza totoro.

Hatua ya 2: Fanya mazoezi ya kushuka

Anza miezi miwili kabla. Kukimbia barabarani kunasaidia pumzi, lakini kinachowaangusha watu wengi Meru ni mapaja na magoti. Tafuta ngazi ndefu au kilima, beba begi la kilo 6 hadi 8, panda, kisha shuka polepole. Rudia mpaka miguu iache kutetemeka. Aliye Dar es Salaam ana milima ya Pugu, na akipata wikiendi ndefu aende Uluguru. Aliye Nairobi ana vilima vya Ngong na kreta ya Longonot. Wiki mbili za mwisho punguza makali. Usifike Arusha umechoka.

Hatua ya 3: Tafuta kampuni na uulize maswali magumu

Kupanda peke yako hairuhusiwi. Meru imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na kila kundi huongozana na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Unaweza kuunganishwa na kundi jingine nyuma ya askari mmoja, jambo ambalo si baya, isipokuwa mwendo wao ukiwa tofauti sana na wako.

Ada za hifadhi hazilipwi taslimu getini. Kampuni itapata kumbukumbu namba ya malipo na kulipia kiingilio, vibanda, askari na uokoaji. Dai kuona mchanganuo huo. Kisha uliza: Mpishi yupo? Wapagazi wanalipwa kiasi gani kwa siku, na wanakula mara ngapi? Mwongozaji ana mafunzo ya huduma ya kwanza? Mtu akiugua usiku kwenye mita 4,300, nani anashuka naye na nani anabaki na wengine? Kampuni inayojibu hilo la mwisho bila kusita inastahili pesa yako. Ile yenye bei ya chini kupita zote mara nyingi imepunguza mahali ambapo huoni, yaani kwenye tumbo na mfuko wa mpagazi.

Omba siku 4, usikubali 3. Ratiba ya siku 3 inakutoa kibanda cha juu usiku wa manane, inakufikisha kileleni, halafu inakuteremsha mpaka Momella siku hiyohiyo. Hizo ni zaidi ya mita 3,000 za kushuka kwa siku moja, baada ya usiku usio na usingizi. Nimeona watu wenye afya njema kabisa wakimalizia kilomita za mwisho kinyumenyume kwa sababu magoti yamegoma. Na kama bajeti inaruhusu siku ya 5, ongeza usiku mmoja Miriakamba, kibanda cha kwanza, wakati wa kupanda. Hakuna pesa itakayokusaidia zaidi ya hiyo.

Hatua ya 4: Lala Arusha

Anayetoka Pwani asishuke kwenye basi jioni akaanza kupanda kesho yake. Arusha mjini ni karibu mita 1,400. Lala hapo siku mbili, kula vizuri, kunywa maji, rekebisha vifaa. Begi lako kubwa lisizidi kilo 15. La mgongoni ubaki na maji, koti la mvua, vitafunwa, dawa na simu.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, Momella hadi Miriakamba

Gari linapinda kutoka barabara kuu ya Moshi karibu na Usa River, linapita geti la Ngongongare na kufika Momella. Hapo utaandikishwa na kukutana na askari.

Kuna njia mbili. Ile fupi ya kaskazini hukufikisha kibandani kwa saa 3 au 4. Ile ndefu ya kusini, saa 5 hadi 6, hupita chini ya mtini mkubwa uliotengeneza tao juu ya njia na kuingia kwenye msitu wa mbega. Pandia ndefu, shukia fupi. Mwili unahitaji saa hizo za ziada za kuzoea, na msitu wenyewe una thamani yake.

Kwenye uwanda wa mwanzo utaona twiga, ngiri, pongo, na nyati wakiwa karibu kuliko unavyopenda. Kanuni ni chache: kaa nyuma ya askari, usitoke kwenye mstari kwenda kupiga picha, usipige kelele, na nyati akisimama kukutazama usikimbie. Askari atawapa maelekezo. Yafuateni palepale bila mjadala. Ukitaka kujisaidia kichakani mwambie kwanza. Simba hawapo katika hifadhi hii, ila chui na fisi wapo, kwa hiyo usiku usizurure nje ya kibanda.

Miriakamba iko kwenye mita 2,500 hivi. Ukifika badilisha nguo zenye jasho kabla hujakaa. Baridi ya kwanza ya safari huingia hapo, wakati mtu amekaa na fulana mbichi akisubiri chai.

Hatua ya 6: Siku ya pili, Saddle na Meru Ndogo

Mwendo wa leo ni mfupi, kama saa 3 hadi 4, lakini ni ngazi juu ya ngazi. Panda kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa kumaliza sentensi, umeharakisha. Pumziko la kawaida ni Mgongo wa Tembo, kwenye mita 3,200 hivi. Msitu umekwisha, na kreta inaanza kuonekana ikiwa na koni ya majivu katikati yake. Meru ni volkano hai, ingawa mlipuko wake wa mwisho, mdogo, ulikuwa mwaka 1910.

Kibanda cha Saddle kiko kama mita 3,570. Wengi wakifika hutupa begi na kulala, na hilo ni kosa. Kunywa chai, pumzika saa moja, kisha panda Meru Ndogo, kilele cha karibu mita 3,800 kilicho pembeni ya kibanda. Kwenda ni kama saa moja. Mwili unaofikishwa juu kisha ukashushwa kulala chini yake huzoea haraka zaidi, na usiku kichwa hakitakugonga sana.

Kula mapema jioni, kama saa 11 au 12. Usishangae mpishi akikataa kupika maharage: maji kwa mwinuko huo huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, na maharage hayaivi hata ukichoma gesi yote. Wali, tambi, viazi na supu vinatosha. Panga nguo za usiku kitandani kwa mpangilio wa kuvaa, weka betri za tochi na simu ndani ya begi la kulalia zisife kwa baridi, kisha lala. Pengine hutapata usingizi. Usihangaike, kulala tu macho yamefumba ni mapumziko.

Hatua ya 7: Usiku wa kileleni

Kuamka ni saa 6 au 7 usiku, kuondoka saa 7 au 8. Kunywa chai na biskuti hata kama tumbo linakataa. Anza ukiwa unahisi baridi kidogo. Ukianza na joto, baada ya nusu saa utakuwa umelowa jasho.

Sehemu ya kwanza ni kupanda mpaka Rhino Point. Baada ya hapo njia inashuka kidogo na kuingia kwenye miamba ambako mikono inahitajika. Funga fimbo begini. Sogeza kiungo kimoja kwa wakati mmoja: mkono, mkono, mguu, mguu. Angalia ulipo mwanga wa tochi, usiangalie shimo. Ukipata kizunguzungu, sema kwa sauti palepale. Kundi litasimama, na hakuna atakayekucheka.

Kisha huja mteremko mrefu wa jivu kuelekea Cobra Point, kwenye mita 4,350 hivi. Hapa ndipo roho inapochoka, maana unapanda hatua mbili na kurudi nyuma moja. Kanyaga kwenye nyayo za aliye mbele. Kunywa maji kila mnapopumzika, ila pumziko lisizidi dakika 5. Ukikaa zaidi baridi inakuingia kwenye mifupa.

Kwa kawaida jua huwakuta watu karibu na Cobra Point, likichomoza upande wa Kilimanjaro. Kutoka hapo hadi kileleni, Socialist Peak, bado kuna kama saa moja ya miamba mikali. Kabla hamjaondoka kibandani kubalianeni saa ya kugeuka. Pendekezo langu: kama saa 2 asubuhi hamjafika Cobra Point, geukeni. Mawingu hupanda kadiri siku inavyokwenda, na kupita kwenye ile miamba ya Rhino Point ndani ya ukungu, umechoka, ni hatari ambayo picha ya kileleni haiwezi kuilipa.

Hatua ya 8: Kushuka

Hapa ndipo watu huumia. Umefika, umepiga picha, akili imepumzika, miguu haina nguvu. Kaza kamba za buti ili vidole visigonge mbele (kucha uwe umezikata kabla ya safari). Refusha fimbo kidogo, kunja magoti, shuka kwa hatua fupi. Kwenye jivu unaweza kuteleza kidogo kwa kisigino, lakini usikimbie: chini ya jivu kuna mawe. Kwenye miamba rudi kwenye utaratibu wa usiku, na safari hii utaliona lile shimo vizuri.

Saddle mtapumzika na kula, kisha mtashuka kulala Miriakamba. Ukiwa hapo, na kesho imebaki safari fupi ya kurudi Momella, utaelewa kwa nini nilikusisitizia siku 4.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Pombe ya kupasha mwili joto ndiyo ya kwanza. Inakupa hisia ya joto huku ikiupotezea mwili joto lenyewe, na inavuruga usingizi na kupumua. Dawa za usingizi zina hatari hiyohiyo. Acha vyote mpaka utakaporudi Arusha.

La pili ni kuficha maumivu ya kichwa kwa kuogopa kurudishwa. Mwongozaji hakurudishi kwa kichwa kuuma kidogo. Anakurudisha kwa sababu ulinyamaza mpaka ukashindwa kutembea.

La tatu ni kununua dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, Diamox, kwa ushauri wa rafiki. Inawasaidia wengi, lakini asiyepatana na dawa za salfa anaweza kudhurika. Daktari aamue, na ijaribu nyumbani kwanza.

Mambo yakiharibika

*Kichwa kinauma, kichefuchefu, hamu ya kula imekwisha.* Simama hapo ulipo. Kunywa maji, kula kidogo, meza dawa ya maumivu. Ukipata nafuu kabisa, endelea polepole. Usipopata nafuu, usiongeze hata mita moja. Hali ikizidi, shuka.

*Mtu anayumba kama mlevi, anaongea visivyoeleweka, anahema hata akiwa amekaa, au anakohoa makohozi yenye povu.* Huu si wakati wa kusubiri kupambazuke. Anashushwa mara moja, usiku huohuo, akiwa na mtu wa kumshika. Kushuka ndiyo tiba. Oksijeni na dawa ni vya kusaidia njiani. Mpimeni kwa kumwambia atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, mjadala umekwisha.

*Homa kali.* Homa kali si dalili ya kawaida ya ugonjwa wa mwinuko. Kwa mtu aliyetoka Dar, Mwanza au Mombasa siku chache zilizopita, fikiria malaria kwanza, mshushe akapimwe.

*Lengelenge mguuni.* Shughulikia wakati bado ni joto tu kwenye ngozi. Kausha, bandika plasta ya kitambaa, badilisha soksi. Likishapasuka utachechemea mpaka Momella.

*Mikono imekufa ganzi.* Vua glavu, weka viganja kwapani, ngoja. Usisugue wala usipashe kwenye moto wa gesi.

*Hofu ya kimo imekushika katikati ya miamba.* Kaa chini, geuka utazame ukuta, pumua kwa kuhesabu. Omba mwongozaji atangulie hatua moja na akuonyeshe kila pa kushika. Ikishindikana rudi Saddle. Meru Ndogo ulishaipanda jana, na hiyo ni mita 3,800 halali.

*Maji ya kibandani ni machache.* Wakati wa kiangazi hutokea. Maji ya kunywa na kupikia kwanza, kunawa baadaye, na yote yatibiwe hata kama yanaonekana safi.

*Fedha za bakshishi.* Andaa noti ndogondogo tangu Arusha, mpange kama kundi, na mkabidhi mbele ya wote Momella siku ya nne. Wapagazi, ambao huko milimani huitwa wagumu, wapokee kila mmoja mkononi mwake. Bahasha moja iliyopitia kwa mtu mwingine isiwe njia yenu. Koti au buti usizozihitaji tena wape hapohapo; kuna kijana kati yao aliyekupandishia begi akiwa na raba zilizotoboka.